Shajara ya mradi: sanduku la dawa ya sumu ya sianidi kwa hospitali za Pemba

Tunachotengeneza hapa si dawa mpya. Ni sanduku: dawa inayojulikana siku nyingi, vifaa vya kuitia mshipani, kadi ya dozi, na njia ya kuhakiki kwamba dawa bado ni dawa baada ya kukaa mwaka mzima chini ya bati. Sianidi inayolengwa kwanza ni ya muhogo mchungu, pili ni ya moshi wa moto wa ndani ya nyumba. Kipimo cha kufaulu ni kimoja: mtu wa zamu ya usiku alifungue sanduku na dawa ianze kuingia ndani ya dakika 10, bila kumpigia mtu simu.

Wiki ya 1 na ya 2: kuchagua dawa

Sianidi hukamata chuma kilichomo kwenye saitokromu oksidesi, kimeng'enya cha mwisho katika upumuaji wa seli. Oksijeni inafika mpaka mlangoni, seli haiwezi kuitumia. Ndiyo sababu kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma 98 na mgonjwa anakata roho, na damu ya vena ikatoka nyekundu kama ya ateri. Dawa zilizopo hufanya moja kati ya mambo mawili: kuipa sianidi kitu kingine cha kushikamana nacho, au kuupa mwili salfa ili sianidi igeuke thiosianeti na kutoka na mkojo.

Hidroksokobalamini ndiyo bora kwa karibu kila hesabu isipokuwa ya fedha. Mtu mzima hupewa gramu 5 kwa dakika 15, mtoto miligramu 70 kwa kilo. Haishushi presha, haiharibu himoglobini, na ukiitoa kwa asiyekuwa na sianidi humwachi na madhara makubwa zaidi ya ngozi na mkojo kuwa mwekundu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2006. Dozi moja ni mamia ya dola.

Kikaoni swali lilirudi mara tatu: hiyo si ndiyo vitamini B12 ya ampuli iliyomo famasi? Ni yenyewe. Lakini ampuli ina miligramu 1, na gramu 5 ni ampuli 5,000. Zikiwa za mililita moja moja, ni lita 5 za maji mshipani, kabla hujahesabu muda wa kuvunja shingo 5,000 za kioo. Molekuli yake ni nzito mara 50 na zaidi kuliko sianidi, na kila moja hukamata sianidi moja tu. Kwa hivyo gramu 5 nzima hukamata karibu miligramu 97. Mlango huo umefungwa, na sababu imeandikwa kwenye kadi ili usifunguliwe tena saa 8 ya usiku.

Nitriti ya sodiamu, asilimia 3, mililita 10 kwa mtu mzima. Hii hugeuza sehemu ya himoglobini kuwa methemoglobini, ambayo chuma chake huivuta sianidi. Bei yake ni ndogo, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Hata hivyo tumeitoa kwenye sanduku, na uamuzi huu ndio uliobishaniwa zaidi. Upungufu wa damu kwa watoto wa Pemba, kwa sababu ya safura na malaria, umeandikwa na watafiti tangu miaka ya 1990. Nitriti hupimwa kwa himoglobini: mtoto mwenye himoglobini ya gramu 12 kwa desilita hupewa mililita 0.33 kwa kilo, mwenye gramu 7 hupewa 0.19. Ukimpa wa pili dozi ya wa kwanza, unamnyang'anya damu kidogo aliyonayo. Ongeza upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao kwenye pwani yetu ya malaria si jambo geni, na ongeza mgonjwa wa moshi ambaye himoglobini yake imeshakamatwa na monoksidi ya kaboni. Tena nitriti hushusha presha. Dawa ya namna hii inataka utambuzi wa uhakika, na kipimo cha haraka cha sianidi ya damu hatuna.

Imebaki thiosalfeti ya sodiamu. Gramu 12.5, yaani mililita 50 za asilimia 25. Hutoa salfa, kimeng'enya rodanesi huishika na kuipachika kwenye sianidi. Kwa hesabu ya karatasi ina nguvu mno: milimoli (kipimo cha wingi wa molekuli) 50 dhidi ya milimoli 3.7 za hidroksokobalamini. Kasoro yake inajulikana: haipenyi vizuri kwenye mitokondria, ambako rodanesi hukaa, kwa hivyo huchelewa. Kwa mtu aliyevuta gesi, kuchelewa huko ni kifo. Kwa aliyekula muhogo, hali ni nyingine. Linamarini, kemikali ya muhogo iliyobeba sianidi, haiachii sianidi yote kwa mkupuo. Huvunjwavunjwa tumboni kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Dawa inayochelewa inapata nafasi ya kumfikia adui anayechelewa. Hoja hii ndiyo iliyomaliza ubishi.

Kobinamidi, dimethili traisalfaidi na sulfanejeni zimetajwa kikaoni. Hazijafika kwenye rafu ya duka lolote la dawa. Tumeendelea.

Wiki ya 3: kipimo cha nguvu ya dawa

Kabla ya kuhakiki chupa za kiwandani tunahitaji myeyusho wetu wa kulinganishia. Huu ni wa maabara tu. Hauchomwi kwa mtu, kwa sababu hatuna chumba cha kutengenezea dawa ya mshipani wala kipimo cha vichochea homa, na maji yaliyochemshwa yakawa hayana vijidudu bado yanaweza kuwa na mabaki yao yanayomtetemesha mgonjwa.

Jinsi ya kuutengeneza: chemsha maji yaliyotoneshwa kwa dakika 10 ili kutoa hewa ya kaboni (dayoksidi ya kaboni), yapoze yakiwa yamefunikwa. Pima gramu 25 za fuwele, ziyeyushe kwenye mililita 60, kisha jazia mpaka alama ya 100. Si kumimina mililita 100 juu ya fuwele. Huko utapata myeyusho mwepesi.

Kosa la kwanza lilikuja hapo hapo. Fuwele zikiyeyuka hunyonya joto, chupa ikawa baridi mpaka ikatoa jasho kwa nje, na mjazaji akafikisha alama papo hapo. Baada ya nusu saa maji yalikuwa juu ya alama. Subiri chupa irudi kwenye joto la chumba, ndipo ujazie.

Kosa la pili lingekuwa la hatari kama lingekuwa la mgonjwa. Kuna thiosalfeti yenye maji matano ya fuwele, uzito wa moli 248.18, na kuna iliyokauka kabisa, 158.11. Dozi zote zinazoandikwa ni za ile ya kwanza. Gramu 12.5 za iliyokauka ni sawa na gramu 19.6 za yenye maji. Kopo tulilopewa lilikuwa na lebo iliyofifia, na ilisomeka jina la dawa bila fomula.

Taitresheni, yaani kupima nguvu ya myeyusho kwa kuudondoshea mwingine wenye nguvu inayojulikana, ndiyo iliyosema ukweli. Chukua mililita 1 ya myeyusho kwa pipeti, tia kwenye chupa ya koni pamoja na mililita 50 za maji, na matone machache ya uji mwepesi wa wanga. Shusha ayodini ya 0.05 M (moli 0.05 kwa lita) kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya buluu itokee na isipotee. Mililita 1 ya ayodini hiyo hulingana na miligramu 24.82 za thiosalfeti yenye maji, kwa hivyo asilimia 25 kamili husoma mililita 10.07. Kati ya 9.57 na 10.57 ndiyo asilimia 95 hadi 105, na hapo tunapitisha. Kopo lenye lebo iliyofifia lilikaribia mililita 16: ni iliyokauka. Limeandikwa kwa wino mzito na kutengwa.

Angalizo juu ya ayodini: huruka. Bureti ikiachwa wazi juani dirishani, inapungua nguvu na dawa yako itaonekana kali kuliko ilivyo. Ihakiki asubuhi ya siku ya kazi.

Wiki ya 4

Hakuna kazi. Meli haikuleta pipeti.

Wiki ya 5: joto, unyevu na mashapo

Kipimajoto kimewekwa kwenye stoo mbili: moja yenye dari, nyingine yenye bati tupu. Ya bati ilipita nyuzi 36 mchana. Fuwele za thiosalfeti huyeyuka ndani ya maji yao wenyewe zikifika nyuzi 48, na kwenye hewa ya chumvi ya kaskazi hulowa kabla ya hapo. Kopo lililofunguliwa mara mbili lilikuwa limeganda jiwe.

Myeyusho wetu umegawanywa chupa mbili. Moja imejazwa pomoni na kufungwa. Nyingine nusu, ikawa inafunguliwa kila siku. Ya pili ilianza ukungu mwepesi, kisha vumbi jeupe la kuelekea manjano likatua chini. Hiyo ni salfa. Hewa ya kaboni huingia, maji huelekea kwenye tindikali, na thiosalfeti ndani ya tindikali huvunjika ikaacha salfa na hewa ya salfa dayoksaidi. Ukifungua unanusa kiberiti. Ndiyo sababu dawa ya kiwandani husawazishwa pH iwe kati ya 7.5 na 9.5, na ndiyo sababu kanuni yetu ya kwanza ya ukaguzi haihitaji maabara: inua chupa mbele ya kitambaa cheusi kwenye mwanga. Ikiwa na wingu au chembe, itupwe, hata kama tarehe yake haijafika.

Mtu mmoja wa maabara ya maji aliuliza kama thiosalfeti yao inafaa. Wanaitia kwenye chupa za sampuli ili kuua klorini kabla ya kupima bakteria. Kemikali ni ile ile, usafi si ule ule. Hapana. Wala ile ya wasafisha picha.

Wiki ya 6: kadi ya dozi

Toleo la kwanza lilikuwa ukurasa mzima, na waliojaribiwa walisoma nusu. Toleo la pili ni kadi ngumu, upande wa mbele una maandishi makubwa:

Oksijeni kwanza, barakoa yenye mfuko, kiwango cha juu. Degedege: diazepam kama kawaida. Usimpulizie mdomo kwa mdomo.

Mtu mzima: chupa nzima, mililita 50, kwa dakika 20. Dripu ya matone 20 kwa mililita: matone 50 kwa dakika.

Mtoto: mililita 1 kwa kilo, isipite 50. Wa kilo 12 ni mililita 12. Bureti ya watoto ya matone 60 kwa mililita: matone 36 kwa dakika, itaisha kwa dakika 20.

Dalili zikirudi: nusu ya dozi ya kwanza. Mla muhogo akae chini ya uangalizi hata akiamka na kuomba chai, maana kilichomo tumboni hakijaisha.

Nyuma ya kadi, kwa daktari: dozi ya mtu mzima ina milimoli 100 za sodiamu, sawa na mililita 650 za dripu ya chumvi, basi angalia moyo na figo. Ni nzito, tumia mshipa mkubwa. Ikiingia kwa kasi mgonjwa hutapika na presha hushuka. Na ikiwa mgonjwa amepata hidroksokobalamini kwingineko, thiosalfeti isipite kwenye mpira huo huo. Hizo mbili hushikana zenyewe kwa zenyewe.

Sehemu ya utambuzi imeandikwa upya mara nne. Kinachopotosha ni sumu ya wadudu. Septemba 2017 magharibi ya Uganda watu waliougua baada ya kula ugali wa muhogo walidhaniwa kwanza wamekula dawa ya wadudu. Walikuwa 98, wawili wakafa, na unga ulipopimwa ulikuwa na wastani wa sianidi sehemu 88 kwa milioni, ambapo kikomo cha WHO na FAO ni 10. Kadi inasema: mboni ndogo kama tundu la sindano, mate na jasho jingi, fikiria dawa ya wadudu, na tiba yake atropini. Familia nzima, sufuria moja, kutapika, kizunguzungu, kuhema kwa kasi na kipimo cha kidole kizuri, fikiria muhogo. Lakteti ya damu (tindikali inayojaa seli zikikosa kutumia oksijeni) ikiwa milimoli 8 au 10 kwa lita na kupanda inaunga mkono, lakini malaria kali na degedege nazo huipandisha, kwa hivyo haihukumu peke yake. Uzuri wa thiosalfeti ni huo: ukikosea, humwongezei mgonjwa msiba.

Kipimo cha thiosianeti ya mkojo kimeondolewa. Mla muhogo wa kila siku anayo nyingi akiwa mzima.

Wiki ya 7: jaribio la saa

Chupa tupu za mililita 50 zilijazwa maji, sanduku likawekwa kaunta ya mapokezi, saa ikashikwa. Jaribio la kwanza lilichukua dakika 19. Dakika 6 ziliishia kwenye ufunguo wa kabati. Sanduku sasa lina kufuli la plastiki la kukatwa kwa mkono, lenye namba, ili ionekane kama limefunguliwa.

Kilichoshangaza zaidi ni chupa yenyewe. Ukivuta mililita 50 kupitia kizibo cha mpira, ndani kunabaki ombwe na pistoni inarudi nyuma. Mtu anahangaika na bomba la sindano la mililita 20 mara tatu, akitoka jasho. Dawa yake ni sindano ya pili, namba 21, ichomwe pembeni ya kizibo iwe tundu la hewa, ncha yake ikae juu ya maji. Hapo bomba la mililita 20 hujaa kwa sekunde chache. Sindano hizo mbili sasa zimefungwa kwa bendi ya mpira kwenye shingo ya kila chupa. Jaribio la nne: dakika 8.

Wiki ya 9: chupa zilizopitwa na tarehe

Tulipata chupa tatu za kiwandani, zimepitwa na miezi 7, stoo ya dari. Zote angavu. Taitresheni: 10.05, 10.10, 10.00. Zimehifadhi nguvu. Hii haimaanishi zitumike kama desturi, maana nguvu si usafi. Tumeziweka kwa mafunzo.

Wiki ya 10 hadi 12: unga wenyewe

Hakuna sanduku litakalofika kila shehia, kwa hivyo nusu ya pili ya mradi iko jikoni. Kipimo ni karatasi ya pikreti, karatasi ya manjano inayobadilika rangi ikikutana na sianidi. Miligramu 100 za unga kwenye kichupa chenye sakafu bapa, karatasi ndogo yenye kimeng'enya na kitunza pH 6, nusu mililita ya maji, kisha karatasi ya manjano kwenye kipande cha plastiki, na kufunga hapo hapo. Iache saa 16 hadi 24 kwenye nyuzi 30 (joto la kawaida la chumba hapa, hatukuhitaji tanuri). Manjano huwa kahawia, unalinganisha na kadi ya rangi. Mwenye spektrofotomita (mashine ya kupima ukolevu wa rangi) anaitoa rangi kwa mililita 5 za maji nusu saa, anasoma kwenye nanomita 510, anazidisha kwa 396 kupata sehemu kwa milioni.

Yanayoharibika: karatasi ikigusa maji, rangi hutandaa. Kizibo kikilegea, sianidi hutoroka, kwani huchemka kwenye nyuzi 26 tu, na unga mbaya ukasomeka mzuri. Tunanunua karatasi zilizo tayari. Asidi ya pikriki, inayotumika kuzitengeneza, ikikauka hulipuka, haina kazi kwenye kabati letu.

Makopa yaliyoanikwa vipande vizima juani yalitoa kahawia iliyokolea kuliko yaliyotwangwa mabichi kabla ya kuanikwa. Watu huamini jua ndilo linalotoa sumu. Jua likikausha kipande haraka, kimeng'enya cha muhogo wenyewe husimama kabla ya kukutana na linamarini, na sumu inabaki imefungiwa ndani. Mchi ndio unaovunja chembe na kuwakutanisha. Kwa kisamvu hatuna neno. Kinatwangwa na kuchemshwa, desturi imeshatangulia maabara.

Kwa unga uliokwisha kusagwa tunafundisha kuulowesha, njia iliyotumika dhidi ya konzo, ulemavu wa miguu unaoletwa na muhogo mchungu. Tia unga kwenye beseni, weka alama ya kina chake. Ongeza maji ukikoroga. Kina hushuka kwanza, kisha hupanda. Kikirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka, unene usiopita sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini, pika siku hiyo hiyo. Hupunguza sianidi kiasi cha mara 3 hadi 6.

Bibi mmoja Konde aliusukuma unga kwa kidole, akauliza: "Mwanangu, ukishalowa huu si utachacha?" Alijibiwa: "Hauchachi, bibi, ukipikwa leo leo, ukilala ndio unachacha." Akauonja ugali wake, akasema umekuwa mweupe zaidi na uchungu umepungua. Sentensi hiyo ya uchungu sasa imo kwenye bango, kwa kuwa inaeleweka kuliko namba zetu zote.

Konzo yenyewe, ule ulemavu wa miguu ulioonekana Tarime miaka ya 1980, haitibiki kwa sanduku hili. Mishipa ya fahamu ikishaharibika, thiosalfeti haina la kufanya. Huwapata wanaokula muhogo mchungu wiki kwa wiki bila kitoweo, maana salfa ya kuondolea sianidi mwilini hutoka kwenye samaki, maharage na nyama. Bango lina picha ya sahani yenye dagaa.

Wiki ya 13

Mvua za masika zimeanza. Zoezi la kivulini, saa 5, lilifanyika kwenye ukumbi wa skuli ukiwa na unyevu mwingi. Sampuli mbili kati ya nne zilishuka vizuri. Mbili zilibaki kahawia. Zilipopimwa unene zilikuwa sentimita 2 na kidogo: mkeka ulikuwa mdogo, watu wakarundika. Tumekata vijiti vya sentimita 1 vya kuchomeka ndani ya unga, na kiasi cha unga kwa mkeka mmoja kimepunguzwa nusu. Marudio Jumatano, mkeka mkubwa, mahali pale pale penye unyevu.

Sanduku la Mkoani: namba ya kufuli haikulingana na daftari. Dawa zimo zote, sindano moja ya hewa haipo. Imerudishwa, kufuli jipya limefungwa.